Zabibu za Kucha za Mwewe

Mzabibu wetu ulianza kama kuni. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu wengi wa mtaa wetu wa Mangobo walidai eti tuliuagiza Ulaya kwa meli, na wengine wakasema mume wangu aliuiba bandarini. Sivyo. Mama mkwe wangu aliuokota kwenye takataka akitaka kupikia maharagwe.

Nilikuwa bibi harusi mpya. Mume wangu alikuwa karani wa bandari, mtu wa maneno machache na shati lililonyooka, na nyumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na mama yake. Mama mkwe alikuwa mtu wa Kasongo, Maniema, aliyeshuka na mto hadi Kisangani enzi za ujana wake. Hakukosa kuswali, hakukosa kufunga, na baada ya kukunja mkeka wake alikuwa mtundu kuliko watoto wote wa mtaa. Nilipopelekwa kwake niliogopa, maana kwetu nilikuwa nimeonywa kwamba mama mkwe ni chui. Asubuhi ya kwanza akanitilia chumvi kwenye chai, akaketi mbele yangu akinitazama ninavyoinywa kwa heshima mpaka tone la mwisho. Ndipo akacheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Mutoto wangu," akaniambia huku akijifuta machozi, "kama chai iko mubaya, sema iko mubaya. Hapa kwangu hakuna mutu anamezaka uongo."

Tangu siku ile tulikuwa marafiki.

Asubuhi tulikaanga mikate ya mafuta tukaipeleka mjini, karibu na bandari, kuwauzia wapakiaji. Njia yetu ilipita nyuma ya duka la Mgiriki mmoja. Mama yake Mgiriki yule, bikizee mwenye nguo nyeusi kutoka shingoni hadi vidole vya miguu, na jua lile la Kisangani, alikuwa na mti uliotambaa juu ya ua wa nyuma ukatia kivuli uwanja mzima. Siku moja tukamkuta ameukata matawi na kuyatupa nje ya mlango. Mama mkwe akatazama kushoto, akatazama kulia, akayafunga kwa kamba ya mgomba na kuyapachika juu ya karai langu.

Hatukufika mbali. Tulisikia kelele nyuma yetu, kugeuka tukamwona bikizee anakuja mbio, nguo amezishika kwa mikono miwili, anapiga makelele kwa lugha ambayo hata mbwa wa pale hawakuijua.

"Kimbia!" akasema mama mkwe.

"Mama, nina karai!"

Akatufikia. Akayavuta matawi kutoka kichwani mwangu, akayapekua, akachagua moja nene kama kidole gumba, akayatupa mengine yote. Mimi nilidhani anatafuta la kutuchapia. Kumbe akainama pale pale kando ya barabara, akalichoma ardhini, kisha akapiga ncha ya chini kwa kiganja mara nyingi, akisema neno pekee la Kiswahili alilokuwa nalo: "Hapa! Hapa!" Halafu akaligeuza juu chini, akatikisa kichwa kwa ukali, akajishika shingo kama mtu anayenyongwa. Tukaelewa. Ncha hii ardhini. Ukiigeuza, mti unakufa.

Mama mkwe akaonyesha mdomo wake: inaliwa?

Bikizee akafurahi sana. Akakunja kidole chake cha shahada kama ndoano, akapunga mikono kama ndege, kisha akarusha kile kidole mbele ya pua ya mama mkwe kama anayeparura.

"Anasema kuku," mama mkwe akaninong'oneza.

"Hapana, Mama. Kuku hairukake hivyo. Ni mwewe. Kucha za mwewe."

"Sasa tutakula kucha za mwewe?"

Bikizee akampigapiga begani kama waliozaliwa tumbo moja, akarudi dukani kwake. Siku ile maharagwe yalichelewa kwa kukosa kuni.

Tuliupanda pembeni mwa jiko, kwenye ua wa matete uliotutenga na jirani yetu katekista, mwalimu wa dini wa misheni. Mume wangu, aliyemwuliza Mgiriki na kuambiwa kuwa ni mzabibu, aliufungia mianzi uwe na pa kupanda. Ardhi ya Mangobo ikipata mvua haichagui, inaotesha hata mpini wa jembe, na mti wetu ulipanda kama mtu anayekimbia deni. Ulifunika mianzi, ukalala juu ya paa fupi la jiko, ukaruka ua, ukakizunguka choo cha katekista hadi mlangoni. Zabibu ndizo hazikuonekana. Mvua zilikuja zikaenda, zikaja tena, na sisi tulikuwa na majani tu. Hayo tulikula. Bikizee wa Kigiriki alitufundisha kwa ishara kuyachemsha na kufungia wali ndani, vifurushi vya liboke vidogo kama kidole, na mama mkwe akayapenda kwa sababu ya uchachu wake.

Katekista hakuyapenda. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sauti nzuri ya kuongoza nyimbo na shingo ngumu ya mtu aliyezoea watu kunyamaza anapoongea. Kila Jumapili akitoka misheni alisimama upande wake wa ua akatuhubiria.

"Mama, muti ambayo haizae inakatwa na inatupwa kwa moto. Imeandikwa."

"Mwalimu," mama mkwe akamjibu, "mbona jogoo yako haizae na haukuikata?"

"Na tena, ninyi Waislamu na zabibu, wapi na wapi? Zabibu iko ya vinyo, ya divai."

"Na muhindi ya shamba iko ya lotoko, pombe ya kali. Wewe haukulake muhindi?"

Nyuma ya katekista, mlangoni mwa jiko lake, nilikuwa namwona mkewe amejifunika mdomo kwa pagne ya kitenge, mabega yanamtikisika. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Tulikuwa tunapeana chumvi na moto juu ya ua mume wake akiwa hayupo.

Kisha likaja jambo la mbuzi. Katekista alikuwa na mbuzi dume mweusi, mwenye ndevu na kiburi. Siku moja tulipokuwa sokoni kamba ilimkatikia. Akaruka ua, akapanda juu ya rundo letu la kuni, kutoka hapo akapanda paa la jiko. Tuliporudi tukamkuta amesimama kileleni, anatafuna jani la mwisho huku ametukazia macho. Mzabibu wote ulikuwa umebaki vijiti. Vilivyokuwa vibichi alivila, vilivyokuwa vikavu alivivunja kwa kwato.

Mama mkwe akakaza pagne kiunoni. Akaweka kapu chini, akamshusha mbuzi kwa ndevu, akamfunga kwenye nguzo ya baraza letu. Katekista aliporudi na kumwita mbuzi wake, mbuzi akaitikia kutoka kwetu.

"Mama, rudisha mbuzi yangu."

"Mbuzi gani? Hii iko mugeni wangu. Imekula kwangu, inalala kwangu."

Mvutano ule ulimalizwa na mume wangu, aliyemrudisha mbuzi mwenyewe kabla ya chakula cha jioni na kuomba radhi kwa pande zote mbili, jambo lililowaudhi wote wawili. Kesho yake akachukua panga, akakata vijiti vyote vilivyoning'inia. Ulibaki mkongojo tu umesimama. Mama mkwe alipita pale akaugusa kwa kidole kama anayegusa maiti, na sikumsikia akitania tena juma lile lote. Mimi nilidhani yamekwisha.

Siku si nyingi, nikiwa nachota maji ya kuosha sahani, nikaona vichipukizi vyekundu kila penye fundo. Na katikati ya majani mapya kulikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kukiona: vishada vidogo vya kijani, kama ulezi. Nikamwita mama mkwe. Akaja na mkono wenye unga, akainama, akanusa.

"Maua," akasema polepole. Kisha akapiga makofi mpaka unga ukaruka. "Maua! Kumbe mzigo wa majani ndiyo ilikuwa inaulemea!"

Kosa lake lilikuwa kupiga makofi kwa nguvu. Kichwa cha katekista kikajitokeza juu ya ua.

Alitazama maua muda mrefu. Nikaona fikra inapita usoni mwake kama mtumbwi unaovuka mto. "Bon," akasema. "Donc, kumbe mbuzi yangu ndiyo imefanya hii kazi."

"Mbuzi yako ni mwizi."

"Mbuzi yangu imekata muti sawa vile inafaa. Na hii ambayo itazaa huku kwangu, iko yangu."

Hapo vita vikaanza. Kila tawi lililokuwa na kishada, mama mkwe alilivuta kwa upole upande wetu na kulifunga kwa uzi. Katekista akitoka kazini alilifungua kwa upole ule ule na kulilaza upande wake. Hakuna aliyethubutu kuvuta kwa nguvu, maana wote waliogopa kuvunja. Nilishuhudia watu wazima wawili, kila mmoja upande wake wa matete, wameshika tawi moja kwa ncha za vidole, wanasalimiana kwa adabu, hakuna anayeachia.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, Mama. Nyumbani wote wazima?"

"Wazima. Acha."

"Acha wewe."

Mwisho walisikilizana bila kusema. Vishada vingi vikabaki kwetu, kimoja kikubwa kikabaki kwa katekista. Sisi tulivivisha vyetu mifuko ya chandarua kikuukuu, kwa ajili ya ndege na popo. Yeye alikata mkono wa shati lake jeupe la zamani akakishonea chake mfuko, hadi kikawa kinaning'inia kama mtu mdogo aliyevaa kwenda misa.

Zabibu zilikua, na hapo ndipo tulipoelewa mikono ya bikizee. Hazikuwa mviringo. Kila tunda lilikuwa refu, jembamba, limepinda kwenye ncha kama ukucha wa ndege. Zilipoiva zikawa za kijani kilichofifia, zinaelekea njano, ngozi ngumu kidogo, na ukiiuma inakatika kwa mlio, kama figili. Mama mkwe alionja ya kwanza kwa kunong'ona bismillahi ndefu, akafumba macho. Nikamwuliza ikoje.

"Mubaya sana," akasema. "Wewe usionje. Nipe nyingine."

Katekista hakuonja yake. Alikuwa na mpango. Alitangaza mtaa mzima kwamba Jumapili, baada ya misa, padri atakuja mwenyewe kuona mzabibu wa katekista. Wa katekista! Mwuza mkaa akatuuliza kama ni kweli jirani yetu ameotesha mti wa Biblia. Mama mkwe akaja nyumbani akaketi kwenye kigoda, akauma meno.

"Yeye na mbuzi yake," alisema. "Wangesema hata 'wetu', ningenyamaza."

Jumamosi, katekista akiwa misheni kufundisha, mkewe akatuita kwenye ua. Alikuwa ameficha kitu ndani ya pagne. Nyuma ya jiko lake alipanda pilipili, zile ndefu za kijani chepesi ambazo zikikaribia kuiva hujikunja ncha. Alifungua mkono akatuonyesha, kiganja tele, na macho yake ya upole yalikuwa yanawaka.

"Angalieni," akanong'ona. "Hazifanani?"

Mama mkwe alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Mwanangu," akasema, "ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Tulizifunga kwa uzi moja moja kwenye kikonyo cha mzabibu, tukachomeka jani hapa na pale. Asubuhi ya Jumapili, kengele ya misa ilipokwisha na mtaa umekuwa kimya, mimi nilishika mfuko, mama mkwe akakata kishada cha kweli na kufunga cha pilipili mahali pake. Cha kweli akakiweka kwenye sahani ya bati, akakifunika kwa kawa.

"Mama, padri akikula?"

"Hatakula. Mwalimu akishafungua, ataona, atafunga mudomo yake, basi. Atajifunza kusema 'wetu'."

Padri alikuja kwa pikipiki, ndevu zimejaa vumbi, na nusu ya waumini nyuma yake kwa miguu. Sisi tulisimama upande wetu kama watu waliokuwa wanafagia tu. Katekista alivaa koti. Akatoa hotuba kuhusu shamba la Bwana, mtunzaji, na matunda ya subira, mbuzi hakutajwa. Kisha akaufungua mfuko akiwa amemtazama padri usoni, hakutazama alichoshika. Padri aliinama, akarekebisha miwani.

"Ni zabibu hizi? Mbona zimekunjika?"

"Ndiyo ukoo wake, mon père. Kucha za mwewe," akasema katekista, jina letu kabisa, bila haya. "Nitakula ya kwanza, ili watu waone haina sumu."

Akachuma moja, ndefu kuliko zote, akaitia mdomoni nzima, akatafuna.

Nilimwona mkewe kati ya wanawake ameinamisha kichwa kama anayesali. Katekista alitafuna mara moja, akasita. Shingo ikavimba. Macho yakajaa. Angeweza kutema, kila mtu angecheka, na mambo yangeishia hapo. Lakini mtu aliyetoka kuhubiri mbele ya kundi lake hatemi. Akatafuna tena. Akameza.

"Tamu, mon père," akasema kwa sauti isiyokuwa yake, na machozi yakamtiririka mashavuni.

"Tazameni," padri akawaambia watu, naye ameguswa kweli kweli, "analia kwa furaha." Na akanyoosha mkono kuchuma yake.

Mama mkwe akanishika mkono kwa kucha. "Ee Mungu, huyu muzee wa watu atakufa!"

Lakini katekista alikuwa ameshakwenda mbele yake. Kwa mkono mmoja alivuta kishada chote, akakificha nyuma ya koti. "Hapana, mon père," alikoroma. "Hii... hii bado." Akageuka akatutazama juu ya ua, mama mkwe na mimi, na katika macho yale mekundu niliona anajua kila kitu. Alikuwa na nafasi ya kutuaibisha mbele ya padri na mtaa mzima. Hakusema. Alisimama tu, jasho linamtoka, anasubiri.

Mama mkwe akaniachia mkono. "Peleka sahani. Kimbia." Na kwa sauti kubwa akasema: "Mon père, karibu! Ile ya Mwalimu ni ya mbegu, haikuliwake. Ya kukula aliiweka kwangu, mahali pa baridi. Muti ni wetu sote wawili."

"Ya mbegu," akaitikia katekista. "Wetu. Ndiyo."

Padri alikula. Alikula moja, akala nyingine, akatoa mbegu kwa adabu kwenye kiganja chake. Halafu akataka kujua nani aliyeupogoa mti kwa ustadi namna hii. Katekista, asiyeweza kusema tena, alinyoosha kidole kwa mbuzi. Padri alidhani ni mzaha, akacheka mpaka akashika ndevu, na watu wote wakapata ruhusa ya kucheka.

Alasiri katekista akaja mlangoni petu. Niliinuka haraka, nikitegemea ugomvi. Midomo yake ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeng'atwa na nyuki.

"Mama," akasema, "uko na maziwa?"

Mama mkwe akamletea bakuli mwenyewe, kwa mikono miwili. Akanywa mpaka chini. Akaketi. Akalizungusha bakuli tupu mikononi, kisha akasema, chini chini: "Ninafundishaka mambo ya muzabibu kila mwaka. Sijawahi kula hata moja."

Mama mkwe aliacha kutabasamu. Akaingia ndani, akatoka na kishada kizima kutoka akiba yake, akakiweka mapajani mwa katekista. Yeye akachuma tunda, akalinusa, akaling'ata nchani kabisa, kidogo kama panya, huku jicho moja liko kwa mama mkwe.

"Kweli?"

"Kweli, Mwalimu. Wallahi."

Akatia mdomoni. Tulisikia inavyokatika. Hakusema neno lolote la vitabuni. Alikula kishada chote, akalamba vidole, na alipoondoka aliomba kimoja cha mkewe, ambaye, alisema, hakuwa na habari ya mambo haya na alikuwa amehuzunika sana. Mama mkwe alimpa, akijiuma shavu kwa ndani.

Kuanzia hapo nyumba yetu haikutulia. Habari zilikuwa zimeenea, na mpaka jua linazama watoto wa mtaa, wa misheni na wa madrasa pamoja, walikuwa wamejipanga mlangoni. Mama mkwe aliketi kwenye kigoda chake akampa kila mmoja tunda moja, akamwambia kwamba kabla ya kula lazima apige yowe kama mwewe. Mangobo ilipiga yowe mpaka giza likaanza kuingia.

Mume wangu aliporudi kutoka bandarini alikuta vikonyo vitupu juu ya meza. Siku ile alikuwa zamu, hakuona lolote. Alivitazama vikonyo, akamtazama mama yake, akatazama mianzi yake aliyoifunga mwenyewe.

"Na yangu?"

"Yako gani?" mama yake akamjibu. "Wewe ulikuwa wapi?"

Hakulalamika. Alivua viatu, akaenda kunawa. Nikamfuata hadi nyuma ya nyumba, nikafungua fundo la pagne langu kiunoni. Nilikuwa nimefunga humo zabibu chache, zimepata joto la mwili wangu na mbili zimepasuka. Alizila zote akiwa amesimama, mikono bado ina maji, anazitoa mbegu moja moja na kuziweka kiganjani mwangu.

"Ikoje?" nikamwuliza.

"Ina chumvi kidogo," akasema, kwa sababu nilikuwa nimetokwa na jasho kutwa nzima, akacheka.